Mbwa wa Hungaria na Maziwa ya Mama

Katika mji mzima wa Gitega, vizsla alikuwa mmoja tu, na alikuwa wangu. Nasema hivi bila kuona haya. Nilirudi Burundi na begi moja na stashahada ya afya ya mifugo niliyoipata Tanzania, na leo nina duka la dawa za mifugo mtaa wa Magarama, pikipiki, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne, na ng'ombe wa maziwa. Hakuna ndugu aliyenisukuma wala mkubwa aliyenishika mkono. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje mbwa wa namna ile akaangukia kwangu badala ya kwenda kwa tajiri mmoja wa mkoa, namwambia kwamba aliyekuwa naye alitafuta mtu anayejua kazi, akampata.

Vizsla ni mbwa wa kuwinda kutoka Hungaria. Jina hilo majirani zangu walilishindwa, wakamwita mbwa wa Veterineri, kwa sababu mimi mwenyewe huku naitwa Veterineri na wengi hawajui jina nililopewa na wazazi. Alikuwa jike wa miaka mitatu. Rangi yake ilikuwa ya udongo wetu wa Gitega mvua inapokauka: nyekundu, lakini kuna dhahabu ndani yake. Hakuwa na doa jeusi popote. Pua ilikuwa ya hudhurungi, kope za hudhurungi, kucha vivyo hivyo, kana kwamba aliyemuumba alikuwa na kopo moja tu la rangi akaona linatosha. Masikio yalining'inia laini kama ngozi ya kibeti. Kifua kilikuwa kirefu cha kwenda chini, kiuno chembamba, na miguu ya mtu wa mbio. Nimeshika mifugo mingi katika kazi yangu, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, mbwa wa kila aina ya njaa, lakini sijawahi kushika mnyama ambaye kila kiungo chake kilionekana kuwa na kazi yake maalumu.

Mwenyewe alikuwa mama wa Kizungu, mtaalamu wa kahawa, aliyefanya kazi kwenye vilima vyetu miaka kadhaa. Nilikuwa namchanjia mbwa huyo kichaa cha mbwa kila mwaka. Mkataba wake ulipokwisha alikuja dukani, akaketi kwenye gunia la pumba, akaniambia kwa Kifaransa kwamba anahamia ghorofani katika mji mkubwa wa Ulaya, na mbwa huyu ghorofani atakonda kwa huzuni.

"Nimewaangalia watu wote wa hapa wanavyomshika," akasema. "Wewe ndiye pekee unayemshika kama mtu anayejua."

Sikumbishia.

Alinieleza mengi siku ile. Kwamba babu yake kule Hungaria alikuwa na mbwa kama hawa, kwamba zamani kabla ya bunduki waliwinda nao ndege kwa wavu na kwa mwewe wa kufugwa, kwamba wanahitaji kukimbia kila siku mpaka ulimi utoke. Jambo moja alilirudia mara tatu: mbwa huyu hafungwi na halali nje. Hulala ndani, karibu na mtu wake. Nami nikaitikia, "Oui, madame. Oui, oui." Kwetu mgeni anayeaga habishiwi. Unamwitikia, unamsindikiza mpaka barabarani, unampungia mkono, kisha unarudi kufanya unavyojua. Na mimi nilijua. Nilisoma.

Nikamjengea kibanda uani. Sikumjengea cha mabanzi kama wafanyavyo wengine. Kilikuwa cha matofali, sakafu ya saruji, bati jipya juu, na mlango wa kufungwa kwa komeo. Nikanunua mnyororo mzuri. Jirani yangu, fundi cherehani Mwislamu ambaye kibaraza chake kinatazamana na ua wangu, alisimamisha mashine yake akaja kuangalia, akiwa amesimama mbali ili mbwa asimguse.

"Voisin," akasema, yaani jirani kwa Kifaransa, "hii nyumba ya imbwa iko nzuri kushinda atelier yangu ya kushonea. Siku ikikataa kulala mule, mi nahamia na mashine."

Tukacheka. Hakujua kwamba mbwa angekataa kweli.

Wiki ya kwanza hakula. Nilimwekea ugali na dagaa, nikamwekea ugali na utumbo wa ng'ombe, nikamwekea mchuzi wa kichwa cha mbuzi ambao hata mimi ningeula. Alinusa, akaniangalia, akalala chini na kuweka kidevu juu ya miguu. Wiki ya pili mbavu zilianza kuhesabika. Akawa anajilamba mguu wa mbele mpaka ngozi ikachubuka. Nikampa dawa ya minyoo. Nikamchoma sindano ya homa ya kupe, ijapokuwa kupe sikumwona, na katika manyoya mafupi kama yale kupe hawezi kujificha hata kidogo. Nikampa vitamini. Kila asubuhi nilimpima joto, na kila asubuhi joto lilikuwa sawa. Kwa mtu mwenye cheti ukutani, mgonjwa asiye na ugonjwa ni matusi.

Aliyefumbua fumbo hilo ni fundi cherehani, na sina aibu kumpa haki yake.

"Voisin, mi naonaga kitu," akaniambia siku moja adhuhuri huku akitoboa tundu la kifungo. "Ukienda kazi, inalia. Pikipiki yako ikilia kule chini, inanyamaza. Ukikaa karibu yake, inakula. Sasa ni ugonjwa gani yenye kujuaga saa ya we kurudi?"

Nilikwenda uani nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikavuta sahani karibu na kiatu changu. Mbwa akala yote. Akalamba sahani, akalamba kiatu, akaegemeza ubavu wake kwenye goti langu kwa uzito wote aliokuwa amebakiwa nao. Ndipo nilipoelewa kwamba yule mama wa kahawa hakuwa akidekeza. Alikuwa akinisomea tabia ya mnyama, kama vile mimi ninavyomwambia mkulima kwamba ng'ombe huyu asipokunywa maji hatatoa maziwa. Vizsla alizalishwa vizazi vingi kufanya kazi hatua chache mbele ya mtu, akimtazama nyuma kila wakati. Ukimfunga peke yake, umemwondolea chakula ambacho hakiko sahanini.

Nikafungua mnyororo, na kesho yake nikatoka naye kazini.

Hapo ndipo nilipoanza kuishi na mbwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimefuga tu. Nilipokwenda Itaba kuchanja, alinifuata nyuma ya pikipiki, nami nikienda taratibu kwenye njia za vilimani, saa za asubuhi kabla jua halijachoma changarawe. Nilijifunza kwamba nyayo zake laini hukatwa na kokoto za barabara mpya, nikawa naziosha kwa maji ya chumvi na kuzipaka samli. Kila jioni nilimtazama katikati ya vidole, maana funza wa kwetu hawaulizi mtu ametoka Hungaria au mkoani Ngozi. Masikio yale ya kuning'inia huficha unyevu na uchafu, kwa hiyo mara moja kwa wiki niliyafunua na kuyafuta kwa pamba. Kumsafisha mwili kulikuwa kazi ndogo kuliko kuosha pikipiki: kitambaa kibichi, dakika tano, akang'aa. Hakuwa hata na ile harufu ya mbwa. Nilimlisha mara mbili kwa siku, na baada ya kula sikumruhusu kukimbia, kwa kuwa mbwa mwenye kifua kirefu namna ile tumbo linaweza kumjaa upepo na kujipinda, na hilo humwua kabla hujafika dukani kuchukua dawa.

Kule Bukirasazi wakulima walimwona akitokea kwenye kona, rangi ile, masikio yale, wakapiga kelele:

"Veterineri! Leo umekuja na ndama?"

"Ndama wa Ulaya," nikawajibu. "Hakamuliwi, anakamata."

Nilijifunza pia sauti. Siku moja alimwangushia bibi mmoja kikapu cha nyanya, nikamkemea kama tulivyokuwa tukikemewa sisi watoto wa wakimbizi kambini Tanzania, kwa sauti ya kutetemesha bati. Hakukimbia na hakubweka. Alilala chini palepale njiani, akageuza macho upande, na kwa siku nzima hakuja nilipomwita mpaka nilipochuchumaa. Tangu hapo nilimrekebisha kwa neno la chini tu, nalo lilitosha. Wapo watu wenye elimu ambao neno la chini haliwatoshi.

Mchana basi ulikuwa umetengemaa. Kilichobaki ni usiku, na baridi ya usiku wa Gitega katika Julai si ya mchezo. Vizsla hana manyoya ya ndani yale mazito yanayowafunika mbwa wengine. Ana koti moja jembamba, basi. Kibanda changu cha saruji, ambacho nilijivunia, kilikuwa kinamnyonya joto kama jiwe la mtoni. Asubuhi moja nilimkuta akikohoa, povu limemtoka puani, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nilimsikiliza kifua. Safari hii ugonjwa ulikuwepo. Nikamchoma sindano za mapafu, nikajua kwamba dawa peke yake haitamwokoa kama ataendelea kulala pale. Ilibidi alale ndani ama afe.

Na ndani ya nyumba yangu palikuwa na mama yangu na maziwa yake.

Lazima nieleze hapa, maana mtu wa mbali atamwona mama yangu kuwa mkatili, na si hivyo. Mama alikimbilia Tanzania akiwa na mimi mgongoni. Miaka yote ya kambini hakukamua hata ng'ombe mmoja. Maziwa tuliyoyajua sisi yalikuwa ya unga, ya kugawiwa kwa kikombe. Tuliporudi, nikapanga chumba, nikafungua duka, nikajenga nyumba, na bado mama alikuwa akisema "huko kwetu" akimaanisha mahali ambapo hajafika. Siku nilipomletea ng'ombe ndipo alipomwita seremala, akapigilia rafu ya mbao kwenye ukuta wa sebule, pale ambapo kila anayeingia atapaona kwanza. Juu yake akapanga vyombo vya maziwa vya mti, vyenye vifuniko vya kusukwa, vile tunavyoviita ivyansi. Akarudi nyuma hatua mbili akavitazama.

"Sasa tumefika," akasema.

Na mama alilelewa na mama yake kwamba penye maziwa haingii mbwa. Mbwa akiingia, maziwa yamechafuka, na ng'ombe mwenyewe hukauka. Nilimweleza habari za vijidudu na chanjo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alilipia shule yangu ya msingi kwa kuuza mihogo na hupenda kuona matunda yake. Kisha akasema:

"Baba, hiyo ni habari ya mbwa. Mimi nasema habari ya maziwa."

Nilimwingiza mbwa kwa siri, mama akiwa amekwisha kulala. Nikatandika gunia sebuleni, nikamfunika blanketi langu, na akalala bila kukohoa hata mara moja. Niliamka kumekucha kwa sauti ya maji yanayomwagika. Nikatoka uani mbio. Haikuwa sauti ya maji. Mama alikuwa amesimama chini ya migomba akimimina maziwa ya jana, chombo baada ya chombo, bila haraka. Mbwa alikuwa amekaa mlangoni akimwangalia kwa heshima.

"Mama! Hayo maziwa yalikuwa yamefunikwa!"

"Nimeona kuwa yalifunikwa."

"Sasa unayamwaga kwa nini?"

"Kwa sababu ningeyanywa ningemfikiria huyo mbwa." Akatikisa tone la mwisho. "Mke hujaleta, umeleta mbwa. Mbwa mwenyewe anavaa blanketi. Majirani wakija kuniuliza mkwe wangu anaitwaje, nitawaambia amelala sebuleni, ana mkia."

Fundi cherehani kule barazani aliinamia mashine yake, mabega yakimtingishika.

"Atakufa nje, mama," nikasema.

"Basi mpeleke Muyinga kwa mjomba wako. Kule mbwa wanaishi kimbwa. Mimi nyumba hii siitoki, na maziwa yangu hayatoki."

Nyumba nimeijenga mimi. Nilitaka kulisema hilo, na namshukuru Mungu halikunitoka.

Nilimtibu mbwa siku kumi ndani ya duka, kwenye maboksi, mpaka kifua kikawa safi. Kisha nikapanga foleni ya mafuta, mambo yalivyo siku hizi, nikabahatika siku ya pili, nikamlipa rafiki mwenye gari akanipeleka Muyinga na mbwa wangu kiti cha nyuma, kichwa kikiwa begani kwangu njia nzima.

Mjomba, kaka yake mama, hakuwahi kukimbilia Tanzania. Alibaki kwenye kilima chake, na Kiswahili chake ni cha sokoni, kimechanganyika na Kirundi. Anawinda kwale, ndege ambao huko wanaitwa inkware, kwa sababu wanafukua karanga zake. Anawawindia mashambani, mbali na hifadhi, maana hifadhini ni marufuku. Hawana bunduki. Wanaume wanne watano wanashika wavu mrefu, na mbwa wadogo wenye kengele za mti shingoni wanaingia kwenye majani kupiga kelele ili ndege watoke. Mara nyingi ndege wanatoka, wanapita juu ya wavu, na wanaume wanatukanana.

Alimzunguka mbwa wangu mara mbili.

"Mpwa, huyu imbwa amenyolewa?"

"Ndivyo alivyo, mjomba."

"Iko nzuri. Iko kama bibi arusi. Sasa inafanyaga nini?"

"Kesho asubuhi utaona."

Asubuhi tulishuka shambani umande haujakauka. Niliwaomba wawafunge mbwa wao, wakakubali kwa kunung'unika. Nikamwachia mbwa wangu. Sijui niieleze vipi furaha ile. Alikata shamba kwenda kushoto, akarudi kulia, pua juu, akisoma upepo, mbio ambazo hazikuwa na purukushani. Kila alipogeuka alinitupia jicho. Halafu, katikati ya kishamba cha majani yaliyoachwa mwaka uliopita, akasimama ghafla. Mguu mmoja wa mbele ameukunja hewani. Mkia umenyooka. Mwili mzima umekuwa jiwe, isipokuwa pua.

Wanaume wakangoja. Mbwa hakusogea. Hakubweka.

"Imechoka tayari?" mmoja akauliza.

"Iko na mguu mbaya," mwingine akasema. "Angalia, haikanyagi. Veterineri, enda utibu imbwa yako, sisi tutakungoja."

Wakacheka mpaka mmoja akaketi. Niliwaacha wamalize. Kisha nikamwambia mjomba kwa sauti ya chini: chukueni wavu, mtembee polepole, mmoja kila upande, mpite juu ya kichwa cha mbwa, muulaze juu ya majani yaliyo mbele ya pua yake. Mjomba alinitazama kama anayemtazama mgonjwa, lakini damu ni damu, akafanya. Walivuta wavu ukampita mbwa juu ya mgongo, na mbwa akalala chini kuupisha. Ukatua. Mpaka hapo hapakuwa na chochote, majani tu. Mjomba akapiga kofi moja.

Majani yakalipuka. Kwale watano walikuwa chini ya wavu ule, wakipiga mabawa, na wanaume wakaangukiana juu yao wakiita majina ya watakatifu. Wa sita alichomoka pembeni, bawa limeumia, akakimbilia kwenye mtama. Mbwa wangu akaingia humo, na tulichokiona ni vichwa vya mtama vikitikisika. Alirudi na ndege mdomoni, mzima, jicho wazi, manyoya yamelowa tu. Mjomba alikuwa mbele akanyoosha mikono miwili kama anayepokea mtoto. Mbwa akampita. Akaja kwangu, akakaa, akaniwekea kiganjani.

Hapo nikawaeleza kwamba huko Hungaria, kabla ya bunduki, mababu wa mbwa huyu walifanya kazi hii hii, kwa wavu huu huu. Kwamba wao wakulima wa Muyinga wanajua kazi ambayo Wazungu wengi wameisahau, na walichokosa ni mbwa. Nilizungumza kwa muda, nakiri. Nani angenyamaza?

Jioni ile mjomba alitoa jembe jipya na debe la urwarwa, pombe ya ndizi, akaviweka mbele yangu. Mbwa mzuri wa kuwinda huko kwao huwa hauzwi, hutolewa, na anayepewa hutoa jembe na pombe ili mbwa asijione ametupwa.

"Mama yako aliniita kwa simu," akasema. "Mwache hapa, mpwa. Nitamtunza kama jicho."

Nilikunywa kwa mrija alionipa. Kupokea mrija wa mjomba ni kukubali, kila mtu anajua hivyo. Kesho yake niliondoka nikivuta miguu, mbwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko, analia kwa sauti ambayo sikutaka kuijua.

Siku ya tatu mjomba alipiga simu. Nilikuwa sebuleni na mama, nikaweka sauti kubwa kwa kuwa simu yangu ina kipaza sauti kizuri.

"Mpwa, mtu wako hakulagi," mjomba akasema. "Nimempa ugali. Nimempa indagara, dagaa nzuri. Leo nimempa nyama ya inkware wenyewe aliowakamata. Amenusa, amegeuza uso, kama mimi ndio mchafu."

"Anakohoa?"

"Hapana. Anaangaliaga njia. Watoto wanaita, haiitiki. Shambani nimempeleka, amekaa chini. Yoo, mpwa, njoo uchukue mtu wako. Akifia kwangu nitakuwa nimekula jembe langu mwenyewe."

Nikakata simu. Mama alikuwa akipepeta maharagwe.

"Ana homa?" akauliza.

"Hana."

"Anahara?"

"Hahari."

"Maji anakunywa?"

"Kidogo."

Akaweka ungo chini.

"Wewe ulikuwa hivyo hivyo," akasema. "Kambini, nilipokwenda kuvuna pamba za watu, nikakuacha kwa shangazi yako. Hukula siku nne. Shangazi yako alikuchinjia kuku. Kuku! Kambini! Ukageuza uso. Ilibidi waniite, nikaacha pamba shambani." Akanitazama kama vile bado nina deni la pamba zile. "Shangazi yako alisema una pepo. Nikamwambia hana pepo, huyu ni wa mtu mmoja. Hilo hawakukusomesha huko?"

"Hawakunisomesha, mama."

"Ndiyo maana umechoma sindano bure." Akachukua ungo tena. "Nenda kamlete kabla mjomba wako hajatuletea maiti kwenye gunia."

"Na maziwa?"

"Umesikia nikitaja maziwa?"

Nilikwenda kwa pikipiki, kwa petroli ya kuazima chupa tatu kwa watu watatu. Mbwa alinisikia kabla sijapanda kilima. Mjomba anasema aliruka mpaka nguzo ya jiko ikacheza, ikabidi amfungue. Alikuwa amebaki ngozi na macho, na hata hivyo alinikimbilia akiwa amebeba kiatu cha mjomba mdomoni, kwa kuwa vizsla haji kwa mtu wake mikono mitupu. Alikula bakuli zima nimeketi ardhini karibu yake. Mjomba alikataa katakata kupokea jembe lake.

"Hilo libaki kwako," akasema. "Kila msimu wa karanga unaniletea mbwa, na wewe mwenyewe unakuja, maana bila wewe ni kama kukodi gari bila dereva."

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo, na Muyinga nzima inajua.

Tulifika Gitega jioni, mbwa amekaa mbele yangu juu ya tangi kama abiria aliyelipa. Nikaingia sebuleni. Rafu haikuwepo. Ukutani palikuwa na matundu manne ya misumari na mstari mweupe mahali ubao ulipokaa. Mama alikuwa amemwita seremala, akaihamishia chumbani kwake, na kwenye mlango wa chumba akatia komeo na kufuli, ufunguo shingoni. Chini ya yale matundu alikuwa ametandika gunia jipya, na juu yake blanketi langu, limefuliwa.

"Mbwa akae huko kwenu," akasema. "Mimi na maziwa tuko huku. Chumba hiki hapiti, hata kichwa. Na wewe ukitoka kumshika, hunyoshi kidole kwenye chombo changu."

Mbwa alizunguka mara tatu juu ya gunia akalala, ulimi nje, akimwangalia mama kwa yale macho ya asali. Mama hajawahi kumgusa, na sidhani kama atamgusa. Lakini mbavu hazihesabiki tena, koti linang'aa, ng'ombe hajakauka, na wageni wanaoingia wakiniuliza kwa nini rafu haipo ninawaonyesha mnyama aliyeihamisha.

Kila jioni, baada ya kukamua, nasikia kufuli likifunguliwa. Mama anatokea na kikombe changu kimejaa mpaka ukingoni, anasimama kizingitini pake, hapiti.

"Kanawe kwanza," ananiambia.

Nami, pamoja na stashahada yangu, nakwenda kunawa.